Ni nini inafanya wasomi wakae pahali fulani na kukimbia pahali pengine?

Muganga, injenieri, mwalimu wa chuo kikuu ao fundi wa mitambo mwenye diploma kubwa ana bahati moja ambayo watu wengi hawana: anaweza kuchagua pa kuishi. Kazi yake inatafutwa Goma, inatafutwa Lubumbashi na Kinshasa, na inatafutwa inje ya inchi. Njo maana miji kadhaa inajaa wasomi, na teritware zingine zinapitisha miaka bila hata muganga mumoja mwenye kujua kupasua.

Raia wengi wanasema jibu ni rahisi: wasomi wanafuata pesa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Historia ya Congo yenyewe, kuanzia machimbo ya Katanga mpaka lopitali za Kivu, inaonyesha kwamba pesa inaleta mutu haraka, na mambo mengine njo yanamubakisha.

Kwa nini jambo hili linahusu kila mukaaji

Mama mwenye mimba anaweza kuwa na shida ya kuzaa katikati ya usiku. Kama muganga wa kupasua anaishi palepale, shida inaisha kwa saa moja. Kama hayuko, familia inatafuta pikipiki, ao watu wanambeba mama kwa kipoyo mpaka kwenye barabara, na mara nyingi wakati haungoje. Katika teritware kubwa kama Walikale ao Shabunda, ambako barabara ni mbaya na msitu ni mukubwa, ile tofauti njo inaua.

Mambo hayaishii kwenye lopitali. Mutaalamu mumoja akihamia pahali, anapangisha nyumba, anasomesha watoto, ananunua sokoni na anafundisha wengine kazi. Mwanauchumi Enrico Moretti, katika kitabu alichotoa 2012, alihesabu kwamba katika miji ya Marekani kazi moja ya teknolojia ya juu inazaa kama kazi tano zingine katika muji uleule: mushonaji, mwalimu, dereva, mupishi, mujenzi. Hesabu hiyo ni ya Marekani, haiwezi kuhamishwa Uvira ao Bunia hivihivi. Lakini jambo lenyewe raia wa hapa wanalijua: pahali wasomi wanaondoka, hata duka zinafunga.

Somo la kwanza: machimbo ya Katanga

Mufano mukubwa wa zamani ni Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na reli kutoka kusini ikafika kule 1910. Shaba ilikuwa tele, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Mwanzoni kampuni iliwachukua wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi michache. Walilala vibaya, wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walikimbia. Kila mara mutu alipoanza kuzoea kazi, mukataba uliisha na akarudi kwao. Kampuni ikaanza tena na mutu mupya asiyejua kitu.

Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mupango. Ilianza kutoa mikataba ya miaka tatu, ikaruhusu mufanyakazi kuja na bibi na watoto, ikajenga makambi ya nyumba, masomo, na lopitali za kupokea mama wenye kuzaa na watoto wadogo. Watu walitoka Kasai, wengine Ruanda-Urundi, na wengi walibaki. Watoto waliozaliwa katika makambi wakakua wakijua mitambo, wakawa mafundi na makarani. Kampuni ikapata mikono yenye ujuzi bila kulipa bei kubwa ya mafundi wa Ulaya.

Ile haikuwa upendo. Mupango ulikuwa wa faida, na ulikuwa na ukali: mutu mweusi aliishi kwake na muzungu kwake, na maisha ya kambi yaliangaliwa kila siku na kampuni. Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma juu ya mushahara, askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mupira cha Elisabethville na makumi ya watu walikufa. Lakini kwa upande wa kazi, jambo moja lilionekana wazi: mutu mwenye ujuzi anabaki pale familia yake inaweza kuishi.

Somo la pili: vile muji unapoteza watu wake

Kampuni ile ilichukuliwa na Leta, baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mufanyakazi alipata mushahara, unga, nyumba, lopitali na masomo ya watoto. Kijana aliyemaliza uinjenieri katika chuo kikuu cha Lubumbashi alikuwa na sababu ya kubaki Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi.

Kisha mambo yalianguka kwa haraka. Mitambo ilizeeka, pesa ikaliwa, na 1990 sehemu ya chimbo la Kamoto ilibomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji mingi ya inchi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na kati yao mulikuwa wainjenieri, walimu, wafanyakazi wa reli na mafundi wengi waliozaliwa palepale. Mwaka 1994 Gécamines ilitoa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mupango uliosimamiwa na Banki ya Dunia, baada ya kupitisha miezi mingi bila mushahara.

Kujenga kundi lile la watu wenye ujuzi kulichukua zaidi ya miaka sitini. Kulipoteza kulichukua kama miaka kumi. Wengine walivuka mupaka wa Zambia, wengine walifika Afrika Kusini, ambako waganga wengi kutoka Congo walipata kazi katika miaka ile. Machimbo ya Katanga yalipofunguka tena kwa makampuni ya kigeni, kazi nyingi za ngazi ya juu zilipewa watu kutoka inje.

Pesa inavuta, lakini haishiki

Watu wa Beni, Butembo na Mangina waliona nguvu ya pesa kwa macho yao. Tarehe 1 Agosti 2018, Leta ilitangaza ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa uliua zaidi ya watu 2,200 mpaka ulipotangazwa kuwa umeisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda ule, kazi za kupambana na ugonjwa, zile raia waliita «riposte», zililipa vizuri sana kuliko kazi ya kawaida ya kituo cha afya.

Waganga na wauguzi walihamia kule, na hakuna wa kuwashangaa. Lakini vituo vya afya vya kawaida vilibaki na watu kidogo, wakati watoto walikuwa wakiugua malaria na surua. Kisha ugonjwa ukaisha, magari yakaondoka, na malipo yakaondoka nayo. Waliokuja juu ya mishahara ile walienda kutafuta pengine.

Tena, ni katika muda ule njo Daktari Richard Mouzoko, muganga kutoka Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019, ndani ya lopitali ya chuo kikuu. Hakuna prime inayotosha kumwambia mutaalamu asiogope baada ya jambo kama lile.

Mambo yanayobakisha mutu

Mushahara unaofika. Muganga wa Leta anategemea mushahara pamoja na ile pesa ya hatari inayoitwa prime de risque. Wengi waliomaliza masomo wanapitisha miaka bila jina lao kuingia kwenye listi ya malipo. Hapo wanaishi kwa sehemu ya pesa inayolipwa na wagonjwa. Pale wagonjwa ni masikini, na muganga ni masikini. Mugomo unarudi mara kwa mara. Wasomi wengi hawaombi utajiri. Wanaomba kujua kwamba mwisho wa mwezi kitu kitafika, ili waweze kulipa nyumba na masomo ya watoto.

Njia ya kutumia pesa hiyo ni sehemu ya jambo lilelile. Mwanzoni mwa 2025, wakati M23 ilichukua Goma na Bukavu, banki zilifunga na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mutu aliyekuwa na pesa kwenye konti hakuweza kuitoa palepale mujini. Wengine walivuka mupaka, wengine walipitia pesa ya simu na kukatwa kitu juu yake. Kwa familia yenye kuchagua kubaki ao kuondoka, jambo kama lile lina uzito.

Vyombo na wenzake wa kazi. Muganga aliyejifunza kupasua na kukosa hata dawa ya kulaza mugonjwa, anapoteza ujuzi wake kidogo kidogo. Injenieri bila mutambo anageuka mufanya biashara. Mutaalamu anatafuta pahali ambapo ujuzi wake unakua, na ambapo kuna mwingine wa kumuuliza akikwama.

Lopitali ya Panzi, Bukavu, ni mufano unaojulikana dunia nzima. Daktari Denis Mukwege alisoma uganga Bujumbura, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake, na akarudi kufanya kazi Lemera, katika Kivu ya Kusini. Oktoba 1996 lopitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa na wafanyakazi waliuawa. Mwaka 1999 Panzi ilianza. Kwa sababu ilipokea wanawake wengi waliobakwa na wenye fistula, ujuzi wa kutengeneza fistula ulikua kule kuliko pahali pengi duniani. Waganga kutoka inchi zingine wakaanza kuja Bukavu kujifunza. Kazi iliyofanywa kwa ukamilifu njo iliwavuta.

Umeme. Bila umeme hakuna friji ya chanjo, hakuna radio ya kupiga picha ya mifupa, hakuna kompyuta, na mutoto anasoma na kitadara. Mbuga ya Virunga ilijenga kituo kidogo cha umeme wa maji Mutwanga, katika teritware ya Beni, kilichoanza 2013. Kingine, kikubwa zaidi, kilijengwa Matebe, Rutshuru, na kilianza Desemba 2015. Umeme wa Matebe ulifika mpaka Goma. Mutwanga ilipata kiwanda cha sabuni, na baadaye cha chokoleti inayotoka kwenye kakao ya palepale. Kiwanda kinahitaji fundi wa umeme, mutu wa hesabu, mutu wa kupima ubora. Kazi zile hazikuwepo wakati kijiji kilikuwa gizani.

Bibi, bwana na watoto. Mara nyingi si mutaalamu peke yake anayekata shauri. Kama muganga amepata kazi Punia na bibi yake ni mwalimu wa sekondari, anauliza kama bibi naye atapata kazi. Kama watoto wamefika miaka ya sekondari, anauliza masomo yako namna gani. Wengi wanaacha familia Bukavu, Goma ao Kindu, na wanaenda peke yao. Mutu anayeishi hivyo anahesabu siku, na nafasi ya kwanza ikipatikana anarudi mujini.

Usalama. Hili halihitaji maelezo marefu kwa wakaaji wa Ituri na Kivu. Muganga, fundi ao mwalimu hawezi kupanga maisha ya miaka kumi pale hajui kama atalala kwake wiki ijayo. Inafaa kusema pia kwamba wengi wanabaki hata hivyo. Wanaobaki wanafanya hivyo kwa sababu ya familia, ya imani, ao ya kazi wasiyotaka kuiacha.

Heshima. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimshambulia Daktari Mukwege nyumbani kwake Bukavu. Mulinzi wake aliuawa, naye akaondoka na familia yake Ulaya. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, masikini wa kweli, waliuza mazao yao na kuchanga pesa ya tiketi ili arudi. Januari 2013 alirudi, na umati wa watu ulimupokea. Miaka tano na zaidi baadaye, 2018, alipewa zawadi ya Nobel ya amani. Pesa iliyochangwa na wanawake wale haikuwa nyingi, lakini ilimwambia mutu kwamba anahitajika, na na nani. Mushahara hausemi maneno hayo.

Chuo kikuu karibu na nyumbani

Kati ya mambo yote, kuna moja ambalo mashariki ya Congo ilifanya yenyewe na ambalo halisifiwi vya kutosha. Zamani, kijana wa Kivu aliyetaka kuwa muganga alienda Kinshasa, Lubumbashi ao Kisangani. Alikaa kule miaka saba, akapata marafiki, akaoa kule, akapata kazi kule. Wengi hawakurudi.

Kuanzia miaka ya 1980 makanisa na wakaaji walianza kujenga vyuo vikuu hapahapa. ULPGL ilianza Goma 1985. Chuo kikuu cha Katoliki cha Bukavu, UCB, na kile cha Graben, UCG, kule Butembo, vilianza 1989. UEA ilifuata Bukavu 1991. Vilianza na vyumba vichache na vitabu vichache, na vita ilivikuta vingali vichanga. Lakini leo waganga, wanasheria na wataalamu wa kilimo wengi wanaofanya kazi katika Kivu walitoka mule. Walisoma karibu na wazazi, wanajua luga za wagonjwa, na walifanya stage katika lopitali za huku.

Inchi zingine ziliona vilevile. Japani ilikuwa na shida ya visiwa na milima bila waganga. Mwaka 1972 ilianzisha chuo kikuu cha uganga cha Jichi, ambacho kinachukua wanafunzi kutoka kila jimbo. Mwanafunzi halipi masomo kama, akimaliza, anafanya kazi miaka tisa katika jimbo lake. Katika Uhindi, muji wa Bangalore unajulikana leo kwa programu za kompyuta. Lakini chuo chake kikubwa cha sayansi kilianzishwa 1909, na kiwanda cha ndege kikaja 1940. Kampuni ya Infosys ilihamia kule 1983, na Texas Instruments ya Marekani ikafungua 1985. Masomo yalitangulia makampuni kwa zaidi ya miaka sabini.

Mambo teritware ndogo inaweza kufanya

Mwaka 2010 OMS ilitoa mashauri juu ya namna ya kubakisha wafanyakazi wa afya katika vijiji, na iliyapitia tena 2021. Mengi yanaonekana kama akili ya kawaida, na kazi ya afya si peke yake inaweza kuyatumia.

La kwanza ni kusomesha watoto wa pale. Mutoto aliyekulia kijijini ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kufanya kazi kijijini. Sheferi, parokia ao kundi la likelemba linaweza kuchanga masomo ya kijana mumoja ao wawili, kwa maandiko yaliyo wazi: miaka ngapi atarudi kufanya kazi, na nini itafanyika akikataa.

La pili ni nyumba. Mara nyingi muganga mupya anafika na kuonyeshwa chumba kinachovuja. Nyumba nzuri, maji karibu, na taa ya jua ni mambo ambayo kijiji kinaweza kujenga kwa nguvu zake, bila kungoja Kinshasa.

La tatu ni kutomuacha peke yake. Mutaalamu mumoja pahali anachoka, hana wa kumubadilisha akiugua ao akifiwa. Afazali wawili katika lopitali moja kuliko mumoja mumoja katika lopitali mbili zilizo karibu. Simu na intaneti zinasaidia pia: muganga wa kijijini anaweza kumuuliza mwenzake wa Bukavu ao Kisangani palepale mugonjwa akiwa kitandani.

La ine ni kumupa nafasi ya kuendelea kujifunza. Mutu anayejua kwamba baada ya miaka mitatu atatumwa kusoma zaidi, anavumilia. Yule anayeona amesahauliwa, hata mushahara ukiwa muzuri, macho yake iko barabarani.

La tano linahusu wakubwa wa Leta: listi ya malipo iwe safi, na barabara ipitike. Kijiji hakiwezi kulipa mishahara ya Leta, na hakiwezi kumaliza vita. Lakini kina haki ya kuuliza, mwaka kwa mwaka, nafasi ngapi za waganga na walimu zimeandikwa juu ya teritware yake, na watu wangapi wako kazini kweli.

Kijana anayemaliza masomo mwaka huu Butembo, Bukavu ao Bunia atafanya hesabu yake: pesa, usalama, umeme, familia, na watu wanaomungoja. Vita na mushahara haviko mikononi mwa wakaaji. Lakini paa isiyovuja, taa, mwenzake wa kazi na namna ya kumupokea viko mikononi mwao, na katika teritware nyingi hakuna aliyeanza kuvitayarisha.